Mshahara wa Mkuu wa Chuo na Ajira za Jamaa: Amana Isigeuzwe Miliki

 



Tumeombwa tuzungumzie vyuo vya watu binafsi visivyoanzishwa kwa ajili ya faida. Hapa Mwanza Wakatoliki wana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Nyegezi, tangu mwaka 1998. Waislamu nao wana Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005. Hatuvitaji kwa kuvituhumu, bali kuonesha ukubwa wa amana yenyewe. Chuo cha namna hii hakina mwenyewe. Bodi ya wadhamini ikiandikishwa RITA huruhusiwa kushika mali kwa niaba ya waliokusudiwa, haipewi miliki. Ziada ikipatikana haigawanywi, bali hurudi chuoni.

Hata hivyo, mali iliyozuiwa kutoka kwa mlango wa gawio huweza kupita milango miwili mingine: mshahara ambao mkuu hujipangia mwenyewe, na kazi wanazopewa mke, watoto na mashemeji. Hapo ada anayoilipa mama muanika dagaa wa Mwaloni, Kirumba, hugeuka matumizi ya nyumba moja, na mwanawe hukosa mwalimu na vitabu.

Maradhi haya si ya nchi maskini peke yake. Mwezi Februari 1997, mamlaka ya elimu ya jimbo la New York, Marekani, iliwaondoa wadhamini 18 kati ya 19 wa Chuo Kikuu cha Adelphi. Miongoni mwa sababu ni malipo makubwa mno waliyomwidhinishia mkuu wa chuo, Peter Diamandopoulos, ambaye mwenyewe alikuwa mdhamini. Aidha, sheria ya Marekani ya mwaka 1996 humtoza kiongozi wa taasisi kama hiyo kodi ya asilimia 25 ya kila alichopokea yeye au jamaa yake kupita thamani ya kazi, na asilimia 200 asipokirejesha.

Waislamu tulikuwa na mfano huu kabla yao. Abubakar (RA) alipokuwa Khalifa alielekea sokoni na nguo zake begani akauze. Umar na Abu Ubayda (RA) wakamzuia, akapangiwa posho kutoka Baitul Mali. Zingatieni: alilipwa, wala hakuna aibu katika kulipwa, lakini waliopanga ni wengine. Alipokaribia kufa aliagiza kilichobaki mikononi mwake katika mali ya Waislamu kirudishwe. Wanazuoni nao wamemwekea msimamizi wa waqfu ujratul-mithli, yaani malipo anayostahiki mwingine mwenye kazi na ujuzi kama wake.

Ama kuhusu jamaa, huenda mtu akatoa hoja kwamba Nabii Musa (AS) alimtaka nduguye Harun. Ni kweli, lakini hakumteua yeye. Aliomba kwa Mwenye mamlaka, akaitaja sababu waziwazi: Harun alikuwa fasaha zaidi wa ulimi. Na Musa huyohuyo, alipokuwa mgeni Madyan, aliajiriwa na mzee asiye na nasaba naye, kwa ushauri wa binti wa mzee huyo, kwa sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Hivyo basi, jamaa hakatazwi kazi kwa kuwa jamaa. Ila asiajiriwe na jamaa yake, na asishindane gizani.

Ndugu zetu, kila tunapoombwa mchango wa chuo, shule au madrasa, tuulize matatu kwa adabu. Nani hupanga mshahara wa mtendaji mkuu, na je, yeye hutoka nje ya kikao wakati huo? Nafasi za kazi hutangazwa wapi? Hesabu zilizokaguliwa husomwa lini mbele ya waliochanga? Anayekasirishwa na maswali haya na ajiulize mali anayoitetea ni ya nani.

Tusiseme kuuliza ni fitina. Fitina huzaliwa pale watu wanaponong'ona barazani kwa kuwa hawakuelezwa msikitini. Na mwaminifu ndiye anayenufaika zaidi na hesabu za wazi, kwani humkinga na dhana mbaya.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana zao. Wabillahi tawfiq.