Wakuu wa Chuo na Kibali cha Njia

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Mlitutuma, na sasa twaleta majibu. Lakini kwanza yatupasa kujibu swali lililoulizwa pale mlangoni tulipokuwa tukiingia. Mwenzetu mmoja alisema, "Watu wa reli wana shauri gani na wakuu wa chuo? Kazi ya chama ni mshahara, nyumba na saa za kazi."

Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni hili: karo ya chuo hutoka katika mshahara ule ule tunaoupigania. Shilingi tuliyoipata kwa taabu mezani pa mwajiri, ikipotea katika ofisi ya chuo, imepotea vile vile. Tena jambo hili si geni katika vyama vya wafanya kazi. Marehemu Tom Mboya alisoma Ruskin College, mjini Oxford, katika miaka ya 1955 na 1956. Na mwaka 1959, akiwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi vya Kenya, alishirikiana na wenzake kuwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja. Hakusema elimu ni mambo ya watu wengine.

Sasa tusikilize kisa chenyewe. Wengi mwakijua nusu.

Kijana wa mwenzetu mmoja wa karakana alikuwa mwaka wa pili chuoni, akijifunza ufundi wa umeme. Jina la chuo hatulitaji, wala jina la kijana. Mkuu wa idara ya umeme aliwapeleka vijana wake wakafanye kazi nje kwa miezi mitatu, kama masomo yao yanavyotaka. Mkuu wa idara ya hesabu akaweka mtihani wake katikati ya miezi hiyo hiyo. Ofisi ya kuandikisha ikafunga orodha ya mtihani siku ambayo kijana yuko mbali, anavuta nyaya. Ofisi ya fedha ilikuwa imepokea karo yote, risiti tumeiona kwa macho yetu, lakini haikuwapa habari watu wa orodha mpaka wiki iliyofuata. Kijana akarudi na mkoba wake, akaambiwa jina lake halimo. Arudie mwaka, na karo ilipwe upya.

Ndugu zangu, mnajua mwaka mmoja ni kitu gani katika nyumba ya mfanya kazi. Ni mdogo wake anayengoja zamu ya kusoma. Ni ng'ombe aliyekwisha kuuzwa, wala hakuna mwingine zizini.

Tulikwenda watu watatu. Twakiri kwamba tulikwenda na hasira, tukitazamia kumkuta mwizi. Mkuu wa umeme akafungua jalada lake: tarehe zake zilikuwa sawa. Mkuu wa hesabu naye akafungua lake: sawa. Karani wa orodha akatuonyesha tangazo lililobandikwa ukutani siku kumi na nne kabla, nalo lilikuwa sawa. Wa fedha akatuonyesha kitabu chake, hakuna hata senti iliyopotea. Hatukumkuta mwizi. Tuliwakuta watu wanne, kila mmoja amefanya kazi yake, na kazi yote imeharibika.

Wazee husema wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Lakini tembo hawa hawakupigana hata kidogo. Walikuwa hawasemezani tu, na nyasi zikaumia vile vile.

Sisi wa reli twalielewa jambo hili kuliko wengine. Fikirini njia moja kati ya stesheni mbili. Stesheni masta wa huku ni mtu hodari, saa yake haikosei. Wa kule naye ni hodari. Lakini wa huku akiliachilia gari kabla wa kule hajakubali, uhodari wa wote wawili utakutana katikati ya pori, uso kwa uso. Ndiyo sababu iko kanuni ya kibali cha njia: wa huku anauliza, wa kule anajibu, jibu linaandikwa pamoja na saa yake, ndipo gari litoke. Hakuna ruhusa ya kusema "nilidhani." Na iko ofisi moja ya kontroli inayoona njia yote, yenye mamlaka ya kusema "simama."

Pale chuoni tuliwauliza wakuu wale: kontroli yenu iko wapi? Wakatazamana.

Baada ya hapo kamati ilituagiza tusome jinsi wengine wanavyofanya, tusije tukalalamika bila kuwa na neno la kupendekeza. Tulisoma habari za vyuo vya jamii vya Marekani, kwa kuwa vimejengwa kwa ajili ya watu kama sisi: watoto wa wafanya kazi, na wafanya kazi wenyewe wanaosoma jioni baada ya zamu. Cha kwanza kilichodumu kilianza katika mji wa Joliet, karibu na Chicago, mji wa viwanda vya chuma na njia za reli. Kilianza mwaka 1901, mwaka ule ule reli yetu ilipofika Port Florence, yaani Kisumu. Kilikuwa na wanafunzi sita tu. Na tazameni kilivyozaliwa: J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari ya Joliet, alipatana na William Rainey Harper, mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago, kwamba kijana asome miaka miwili karibu na nyumbani, kisha aendelee mbele. Maana yake ni kwamba chuo hicho kilitokana na wakuu wawili waliokubali kusemezana. Mwaka 1947 tume iliyowekwa na Rais Truman ikasema vyuo vya namna hiyo vienee nchi nzima, na tangu hapo jina la chuo cha jamii likawa la kawaida. Leo vimepita elfu moja.

Chuo cha namna hiyo kina ngazi nyingi. Juu kuna baraza la wadhamini na mkuu wa chuo. Chini yake kuna naibu wa masomo, kisha wakuu wa vitivo, kisha wakuu wa idara, ambao mara nyingi bado wanafundisha darasani. Kando wako watu wa kuandikisha, wa fedha na wa kuwashauri wanafunzi. Ngazi zikiwa nyingi hivyo, habari hupotea njiani kwa urahisi. Huko nako ilipotea. Wanafunzi wengi wa California walimaliza miaka yao miwili, na walipotaka kuingia chuo kikuu cha jimbo wakaambiwa masomo fulani hayahesabiwi, wayarudie. Ilibidi ipitishwe sheria mwaka 2010 kuvitaka vyuo vya pande zote mbili vikubaliane juu ya cheti kimoja ambacho mwenye nacho anapokewa ng'ambo ya pili bila kurudishwa nyuma. Basi kisa cha kijana wetu si cha Kenya peke yake.

Liko jambo jingine la California linalotuhusu sisi wa chama. Sheria ya mwaka 1975 iliwapa walimu wa shule na wa vyuo hivyo haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Ikaja sheria nyingine mwaka 1988. Hiyo ilisema kwamba baraza la walimu litangulie kutoa shauri katika mambo ya masomo na viwango vyake, na kwamba wafanya kazi wengine na wanafunzi nao wapate nafasi ya kweli ya kusema katika uendeshaji wa chuo. Tazameni walivyogawa: mshahara una meza yake, masomo yana meza yake, na kila meza inajulikana nani hukaa na nani hujibu.

Wako watakaosema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, ikiwa kila nahodha anashika usukani kwa wakati wake bila kumwambia mwenzake. Lakini chuo hakiwezi kuwa na nahodha mmoja tu. Mtu wa umeme hawezi kupanga masomo ya upishi, wala wa fedha hawezi kusahihisha hesabu. Wakuu wengi ni lazima. Kinachotakiwa ni kibali kati yao.

Wala hatusemi wazidishe mikutano. Mikutano tunaijua! Watu hukaa saa tatu, hunywa chai, huandika kumbukumbu, na kesho kila mtu hurudi kwenye jalada lake. Mkutano usiomaliza kwa tarehe na jina la mtu ni baraza la mazungumzo. Tena wakuu wanaweza kupatana vizuri sana kwa ajili ya raha yao wenyewe, na mwanafunzi akaumia zaidi kuliko walipokuwa hawapatani. Kwa hiyo yafaa mwanafunzi na mzazi wawe na sikio katika chumba hicho.

Basi tulirudi chuoni mara ya pili, safari hii bila hasira, tukiwa na karatasi moja yenye mambo manne.

La kwanza: kuwe na ratiba moja ya mwaka ya chuo kizima, yenye kazi za nje, mitihani, siku za karo na siku za kufunga orodha. Mkuu wa idara yoyote asibadili tarehe mpaka wengine wamejibu kwa maandishi.

La pili: mtu mmoja, naibu wa masomo, ashike ratiba hiyo, awe na mamlaka ya kusema "simama." Likiharibika, ajibu yeye, asimtume mzazi mlango hadi mlango.

La tatu: karo ikilipwa, jina lifike kwenye orodha siku ile ile.

La nne: orodha isifungwe kwa kijana ambaye chuo chenyewe kimempeleka mbali.

Mkuu wa chuo alitupokea kwa heshima. La kwanza na la tatu ameyakubali, na ratiba tumeiona imebandikwa. La nne limepelekwa kwa baraza la chuo. La pili bado. Twaona ndilo gumu, kwa sababu kila mkuu anapenda ratiba, lakini hakuna apendaye kuambiwa "simama." Hatutaliacha.

Na kijana? Hatutawadanganya. Mwaka wake haukurudi. Karo ya marudio imepunguzwa nusu, na chama kimechanga sehemu. Yuko darasani sasa, pamoja na waliokuwa nyuma yake. Baba yake yuko hapa leo, ameketi nyuma, na ametupa ruhusa tuseme haya ili yasimpate mtoto wa mwingine.

Neno la mwisho ni letu sisi wenyewe. Tulipotoka chuoni mmoja wetu aliuliza, "Je, na sisi? Katibu wa tawi na mweka hazina husemezana? Mwanachama akilipa ada leo, jina lake huingia lini kitabuni?" Tukanyamaza, kama wakuu wale walivyonyamaza. Kabla hatujafunga mkutano huu, twaomba Bwana Mwenyekiti alijibu swali hilo mbele ya wote. Kama twawadai wengine kibali cha njia, nasi tukioneshe chetu.