Kabla Hatujasema Vijana Wanakimbilia Mjini

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Nimeombwa nieleze kwa nini vijana wanakimbilia mjini. Neno "wanakimbilia" naomba tuliweke pembeni. Mimi mwenyewe nilitoka Masasi mwaka 1994 na sikukimbia. Nilikaa siku nne juu ya lori, mbili kati ya hizo tukisubiri kivuko cha Ndundu, maana Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Mtu anayevumilia hayo amekwishapiga hesabu zake.

Hesabu zenyewe si ngumu. Kwetu korosho huanza kuuzwa mwezi wa Oktoba. Ikifika Machi fedha imekwisha, ghala linapungua na mvua inanyesha. Kijana ana nguvu lakini hana shamba lake. Anangoja baba agawe. Kariakoo, hata akiuza soksi na vitana, jioni ana chochote mfukoni.

Kuwazuia kulikwishajaribiwa. Mwaka 1983 Serikali iliendesha Nguvu Kazi, na watu waliokutwa mjini bila kazi walirudishwa vijijini. Wengi walirudi tena mjini. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Dar es Salaam na watu karibu milioni 2.5, ile ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 5.3.

Je, mji unatubadilisha? Sana. Nilipanga chumba Mbagala katika nyumba yenye wapangaji sita, choo kimoja, na majirani kutoka Kigoma, Singida na Kagera. Nilipofiwa, waliokesha nami ni hao, si ukoo wangu. Chama chetu cha kufa na kuzikana ndicho kilichonunua sanda. Hilo ni jema. Lakini wanangu hawajui Kimakua, na bibi yao akipiga simu, wanampa mama yao aongee. (Msinicheke, wapo wengi humu wenye watoto kama hao.)

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Binti mmoja wa kijijini kwetu aliletwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani akiwa na miaka 14. Nilijua kwamba amekuja. Sikwenda kumtazama hata siku moja. Nilijiambia yuko kwa watu wema. Alirudi kwao mjamzito, na mshahara wa miezi minane hajalipwa. Parokia aliyotoka haikuandika jina lake popote. Ya mjini, yaani yetu, haikujua kama amefika.

Wafadhili wetu wamekuwa wakitusaidia kwa miradi ya kuwabakiza vijana vijijini. Tunashukuru, na mashine za kubangua korosho ziendelee. Lakini atakayeondoka ataondoka. Ombi langu ni fedha kidogo za nauli na simu, ili kamati ya kijijini iandike jina la anayeondoka na anakofikia, nasi tumtembelee ndani ya wiki ya kwanza, kabla hajazoea kunyamaza.

Sisi tumeanza na daftari la kawaida la shule. Wanne walioandikwa humo hatujawapata hadi leo. Wajumbe wa Masasi, nawaomba tukutane kabla ya chakula cha mchana, niwasomee majina hayo.