Mafuta ya vidanje haipotei, inashuka kwenye ziwa letu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wamotari, mafundi wa garaji na vijana wa Bukavu



Leo hatukuje kuongelea bei ya esanse wala mabarriere. Hiyo tumeisema mara mingi na tutairudilia. Leo tunaongelea kitu moja yenye hatuangaliaka: ile mafuta nyeusi inayotoka ndani ya moto siku ya vidanje. Inaendaka wapi?

Jibu tunalijua wote. Fundi anafungua buloni, mafuta inashuka chini, mvua inanyesha, imeisha. Lakini Bukavu iko muji ya milima. Kitu unachomwanga Cimpunda hakibaki Cimpunda. Kinashuka kwenye kanivo, kanivo inaingia Kawa, na Kawa inaingia ziwani. Kesho yake asubuhi, mtoto wa jirani yako anashuka ziwani na bidoni ya njano juu robine imekauka. Sambaza tunayokula na fufu inatoka kule kule.

Tuhesabu pamoja. Moto tunazobebea watu zinaomba karibu lita 1 ya mafuta ya injini. Motari mwenye kutumika kila siku, tuseme anafanya vidanje mara mbili ku mwezi. Parking ya moto 100 inatoa basi lita 200 ku mwezi. Hiyo ni fiti moja nzima, na ni parking moja tu. Kama mtu angesukuma fiti ya mafuta chafu mpaka ku beach na kuimwanga mbele yetu, tungemushika. Sisi tunaimwanga lita kwa lita, kwa hiyo hakuna mwenye kupiga kelele.

Wala hiyo mafuta haiko sawa na ile uliyonunua mpya. Imepita ndani ya injini, imebeba unga wa chuma na sumu zingine. Wakala wa mazingira wa Marekani unafundisha kwamba mafuta ya vidanje moja ya gari inaweza kuharibu galoni 1,000,000 za maji safi. Moto iko ndogo kuliko gari, sawa. Lakini hesabuni moto za hii muji.

Na batri? Ndani yake kuna asidi na risasi. Risasi inaharibu akili ya mtoto mdogo, na ikishaharibu hairudi. Lakini tunaona batri zilizokufa zinapasuliwa fasi watoto wanacheza.

Wengine watasema ziwa iko kubwa, haiwezi kujaa. Muangalie Ruzizi. Ziwa Kivu iko na mlango moja tu wa kutokea, na ule mlango uko hapa kwetu. Pale njo walijenga barrage ya Ruzizi I, mwisho wa miaka ya 1950. Leo mashini amba plastiki yetu: chupa na sachet zinazoshuka na mvua zinakuja kuziba pale, wafanyakazi wanaziokota, mashini zinaharibika, sisi tunabaki ndani ya delestaje. Tunatupa chupa, inarudi kwetu kuwa giza. Tofauti ni kwamba plastiki unaiona. Mafuta huioni, na hakuna wa kuiokota.

Sasa, vijana wengi hapa wanapenda mbio za moto. Jumapili mnaangalia MotoGP ku telefone. Mukiangalia tena, muangalie chini ya moto, fasi mafundi wanatengeneza. FIM, lile shirikisho la dunia la michezo ya moto, iko na sheria zake za mazingira. Moja inaomba kutandika chini ya moto zulia maalum: juu linanyonya mafuta, chini halipitishi kitu. Asiyefuata anaweza kupewa azabu. Tangu 2024, esanse ya MotoGP inapaswa kuwa na angalau 40% isiyotoka kwenye petroli ya ardhini, na kwa 2027 wanataka ifike 100%. Hatusemi wale ni malaika. Wanazungusha ndege na makamio dunia nzima kwa ajili ya mchezo. Lakini kama mtu wa mashindano, mwenye kukimbizana na sekonde, anapata wakati wa kutandika zulia, sisi tunakosa nini kuweka beseni?

Najua kuna wenye kusema: "Wakubwa wanachafua zaidi, juu gani munanyooshea motari kidole?" Swali ni la haki. Motari anatozwa pesa karibu kila siku, na hajawahi kuonyeshwa fasi moja ya kumwanga mafuta chafu. Kosa la kwanza ni la mamlaka. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na ana lazima ya kuyatetea. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaweka kanuni kwamba mwenye kuchafua njo analipa. Basi tunadai haki, na lazima yetu tunaitimiza. Hatutamungojea mtu ndiyo tuanze, na kuanza kwetu hakumuondolee mtu kazi yake.

Kwa hiyo tunaomba hivi:

Motari: usikubali vidanje bila beseni. Wewe njo unalipa, wewe njo unaamuru.

Fundi: weka bidoni moja yenye kifuniko, ya mafuta chafu tu. Usichanganye na maji wala esanse, usiiwashe moto. Inchi zingine zinaisafisha na kuirudisha kuwa mafuta ya injini. Mafuta iliyochanganywa haina mnunuzi.

Batri: usipasue. Irudishe nzima kwa aliyekuuzia.

Vyama vya wamotari: fiti moja ku kila parking kubwa, na mtu wa kuiangalia.

Wauzaji wa mafuta na batri: munapata faida wakati kitu iko mpya, mukipokee na kikizeeka.

Mamlaka ya muji: mutuonyeshe fasi ya kukusanyia, na mutuambie pesa za wamotari zinafanya kazi gani.

Tuanze na parking moja. Mwisho wa mwezi tupime fiti, tuandike lita, tupige picha. Tukienda kudai, twende na hesabu mkononi. Mwenye kutaka parking yake ianze, abaki hapa tuandike majina.