Paja Tamu la Krismasi: Usalama Kwanza, Sukari Mwisho

Mazungumzo ya afya ya umma kwa wakazi kuhusu kununua, kuoka na kuhifadhi nyama ya nguruwe msimu wa sikukuu



Krismasi inabisha hodi. Katika baadhi ya nyumba, mezani hapatakuwa na kuku na chapati pekee. Zipo familia zitakazonunua paja la nguruwe lililokolezwa chumvi, lile ambalo madukani huitwa hemu, ili lipakwe asali na sukari na kuokwa mpaka ling'ae. Ni chakula cha karamu kwelikweli, maana paja moja hulisha watu wengi. Lakini utamu ule uko juu tu. Usalama wa mlaji uko ndani, karibu na mfupa, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo matayarisho yanaanzia buchani, si jikoni.

Jambo la kwanza ni mhuri. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka nyama inayouzwa kwa umma iwe imekaguliwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya vichinjio, huduma za afya ya mifugo na leseni za wanaouza vyakula. Mnunuzi anayeomba kuonyeshwa mhuri wa mkaguzi hamsumbui mwenye bucha. Anadai haki yake. Nyama inayopitishwa mlangoni jioni kwa bei ya kutupa, bila mhuri, ni ya kukataliwa. Na familia inayochinja nguruwe wake nyumbani imwite mkaguzi wa nyama kabla ya kukata vipande na kuwagawia majirani.

Sababu ya tahadhari hii ni tegu wa nguruwe. Nguruwe anayeachwa kuzurura na kula kinyesi cha binadamu humeza mayai ya tegu, na ndani ya misuli yake hukua vifuko vidogo vyeupe vyenye maji. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, tegu humkulia tumboni. Hatari kubwa zaidi inafuata. Mwenye tegu hutoa mayai katika choo chake, na asiponawa mikono mayai hayo huweza kufika kwenye chakula cha nyumba nzima. Yakimezwa, vifuko huota katika mwili wa binadamu, hata kwenye ubongo, na kuleta kifafa. Hivyo hata mtu asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuugua. Kinga ni kumfungia nguruwe zizini, kutumia choo, kunawa mikono kwa sabuni, na kuivisha nyama barabara. Chumvi na moshi pekee si hakikisho.

Sasa jikoni. Mpishi asome kwanza karatasi ya kifurushi, kwa kuwa hemu ziko za aina mbili: iliyopikwa tayari, ambayo inahitaji kupashwa moto vizuri hadi ndani, na mbichi, ambayo lazima ipikwe tangu mwanzo. Asiyejua aliyonayo ni ya aina gani aihesabu kuwa mbichi.

Paja bichi lenye chumvi nyingi hulowekwa usiku mmoja katika maji baridi ndani ya friji. Asiye na friji aliweke katika sufuria ya maji, alichemshe mara moja, amwage maji hayo, kisha aanze upya na maji mengine. Baada ya hapo nyama ichemke polepole, dakika 40 kwa kila kilo, pamoja na kitunguu, karoti na pilipili manga. Paja la kilo 3 litachukua saa 2. Rangi isimdanganye mpishi: nyama iliyokolezwa chumvi ya viwandani hubaki ya waridi hata ikiiva. Kipimo cha kuaminika ni kipimajoto cha nyama, kikichomwa katikati bila kugusa mfupa kisome digrii 75. Asiye nacho asipunguze muda wa kuchemsha hata kidogo.

Kisha unakuja utamu. Kwa paja la kilo 3 vinatosha vijiko 4 vya asali, nusu kikombe cha sukari nguru iliyopondwa, kijiko 1 cha haradali na nusu kikombe cha maji ya nanasi. Vichemshwe pamoja hadi viwe vizito. Paja likiwa bado na joto, ngozi huondolewa na mafuta yakaachwa, halafu mafuta hayo hukatwa mistari ya kukingamana na karafuu kuchomekwa kwenye makutano. Nyama ipakwe na kuingizwa katika oveni ya digrii 190 kwa dakika 20 hadi 30, ikirudiwa kupakwa kila baada ya dakika 10. Sukari huungua upesi, ndiyo maana hupakwa mwisho. Anayeipaka mapema hupata ganda jeusi na chungu, akadhani nyama imeiva ilhali ndani bado.

Nyumba isiyo na oveni haikosi karamu. Sufuria nzito yenye mfuniko, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, hufanya kazi ileile. Jiko hilo liwekwe nje au penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Baada ya kula, nyama isiachwe mezani mchana kutwa ikingoja wageni wa jioni. Mwisho ni saa 2, na katika joto kali ni saa 1. Kuna bakteria wanaotoka mikononi na puani mwa mpishi ambao hustahimili chumvi na hukua vizuri kwenye hemu. Hao huacha sumu ambayo haiondoki hata nyama ikipashwa moto tena. Kilichobaki kikatwe vipande, kiwekwe kwenye friji na kiliwe ndani ya siku 3 au 4. Nyumba isiyo na friji ipike kiasi cha kumalizwa siku hiyohiyo.

Masalio na mifupa visitupiwe nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza humu nchini Kenya mwaka 1921, haimdhuru binadamu. Lakini virusi vyake huweza kudumu katika nyama iliyokolezwa chumvi, na huangamiza zizi zima. Mabaki yafukiwe mbali na mifugo.

Mwisho, wageni waheshimiwe. Waislamu hawali nguruwe, na Wakristo wa baadhi ya madhehebu pia hawali. Mwenyeji awaambie wazi kilichomo, na awapikie chakula kingine kwa vyombo vingine. Mpako huohuo hupendeza sana kwenye kuku. Wenye shinikizo la damu wapewe kipande kidogo kwa sababu ya chumvi, na wenye kisukari wakatiwe sehemu ya ndani isiyopakwa. Mtoto aliye chini ya mwaka 1 asilambishwe mpako huo, kwani asali haimfai.

Mwenye swali, au aliyeona nyama isiyo na mhuri ikiuzwa, amwone afisa wa afya ya umma katika wadi yake kabla nyama hiyo haijafika mezani kwa mtu.

Krismasi njema, na kila aliyeketi kula ainuke salama.