Mama Sarah wa Kogelo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa akina mama)

Akina mama, nanyi mabwana mliokubali kukaa viti vya nyuma,

Nimeombwa niseme habari za mama wa nyumbani, nami nimemchagua mmoja ambaye jina lake nyote mwalijua, ila kazi yake nadhani ni wachache waijuao. Huyo ni marehemu Mama Sarah Obama wa Kogelo, katika Siaya, aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki dunia mjini Kisumu tarehe 29 Machi 2021.

Alipofariki, magazeti ya ulimwengu yalimtaja kuwa nyanya yake Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 2009 hata 2017. Mengine yakaongeza neno “wa kambo”, kana kwamba wasomaji wangedanganyika lisipoandikwa. Ni kweli hakumzaa baba yake Rais. Mzee Hussein Onyango Obama alikuwa na wake zaidi ya mmoja, na mama mzazi wa mtoto yule aliitwa Habiba Akumu. Akumu aliondoka kwa mumewe, watoto wakingali wadogo, wakabaki mikononi mwa Sarah, naye alikuwa bado mwanamke kijana. Hadithi zetu za jioni zimejaa mama wa kambo afichaye chungu na kuwapa watoto wa mwenziwe ukoko. Sarah aliwalea, na watu wa nyumba ile wakamwita mama, kisha nyanya, bila kuongeza neno lo lote.

Wala nyumba yenyewe haikuwa nyepesi. Mzee Onyango alikuwa mpishi wa Wazungu, mtu mkali, apendaye usafi kupita kiasi. Mimi nimepata kukaa na mzee wa namna hiyo, na najua jinsi sahani moja isiyokauka vizuri iwezavyo kuharibu siku nzima.

Sasa sikilizeni habari ya baiskeli. Mama Sarah mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa akimpakia yule kijana Barack, yaani baba yake Rais, nyuma ya baiskeli, akimpeleka shuleni kutoka Kogelo hata Ngiya, mwendo upatao kilomita 9, kisha hurudi kwenye kazi zake. Fikirini barabara za wakati ule, na matope ya masika, na moto alioacha nyumbani. Yeye mwenyewe hakupata kusoma. Alisema kwamba hata katika utu uzima barua zilimfikia, naye hakuweza kuzisoma, na kwa sababu hiyo aliapa kwamba watoto wa nyumba yake hawatakuwa hivyo. Mtu aliyepata kumngojea jirani arudi shambani amsomee barua ataelewa uchungu huo bila kuelezwa zaidi.

Kijana yule alisoma, akasafiri mwaka 1959 kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, akarudi Kenya, akafa katika ajali ya gari mjini Nairobi mwaka 1982. Mama Sarah aliishi baada yake miaka 38. Kaburi la mtoto aliyempakia baiskelini liko pale pale nyumbani, na kila alipotoka nje aliliona.

Miaka kadhaa baada ya kifo hicho, mjukuu alikuja Kogelo kutoka Marekani, kabla hajaingia Harvard kusomea sheria. Hakujua Kijaluo, na nyanya hakujua Kiingereza. Auma, dada yake, alikaa katikati akifasiri. Mama Sarah akasimulia habari za ukoo tangu mababu wa kale hata wakati wao, na masimulizi hayo yakawa sehemu kubwa mwishoni mwa kitabu alichokitoa mjukuu huyo mwaka 1995. Basi mwanamke asiyejua kusoma akawa ndiye msemaji katika kitabu kilichosomwa dunia nzima.

Lakini kilichonishika mimi ni jambo la baadaye kidogo. Mjukuu aliuliza kama kuna vitu vyo vyote vilivyobaki. Nyanya akaenda kutafuta, akarudi na kijitabu kimoja na karatasi chache zilizoliwa na panya pembeni. Akaomba radhi kwamba panya walimtangulia. Kijitabu kilikuwa kipande cha mumewe, kile walichopewa watumishi wa nyumbani kwa sheria ya mwaka 1928, ndani yake waajiri wameandika maoni yao: mmoja anamsifu kwa bidii, mwingine anasema hastahili mshahara wake. Karatasi nazo zilikuwa barua za kijana Barack, zaidi ya 30, alizoviandikia vyuo vya Marekani akiomba nafasi.

Basi angalieni. Mume alipika katika nyumba za watu, akaandikiwa kitabu na kulipwa shilingi. Mke alipika katika nyumba yake zaidi ya miaka 70, na hakuna aliyemwandikia hata mstari. Lakini kama si yeye, kitabu cha mume na barua za mwana zingekwisha tumboni mwa panya.

Baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008 umeme ulifika kwake, na askari wa kulinda lango, na wageni wengi kuliko viti. Aliutumia umaarufu huo kwa kazi ile ile aliyoizoea: kuwalea yatima, wengi wao waliofiwa na wazazi kwa Ukimwi, kuwatafutia karo, sare na dawa. Mwaka 2014 alikwenda New York kutunukiwa kwa kazi yake ya elimu, kisha akarudi Kogelo.

Alizikwa huko Kogelo tarehe 30 Machi 2021, siku moja tu baada ya kifo chake, kwa taratibu za Kiislamu.