Chavua, Chafya na Asali

Nyasi zitoapo maua baada ya mvua, chavua yake huchukuliwa na upepo hata puani mwa watu, na mwili wa mwenye mzio, ukiidhania kuwa ni adui, hutoa histamini, ndiyo iletayo chafya, muwasho wa macho na kamasi tele. Wengi hukimbilia asali. Lakini nyuki hukusanya zaidi chavua ya maua mengine, si hii ya nyasi ipeperushwayo, basi manufaa ya asali hapa hayajathibiti, na kumlambisha mtoto asiyetimiza mwaka 1 ni hatari kubwa. Habasoda, katika majaribio machache, imewapa baadhi ya wagonjwa nafuu. Mimi nasisitiza kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Kifua kikibana, enendeni hospitali hima.