Mashine ya Mtikiso na Maji ya Kuoshea: Mada kwa Mafundi wa Shaba na Masonara wa Mji wa Kale, Mombasa



Waliotualika wamenitaka nianze kwa kueleza mashine ya mtikiso ni kitu gani, na kwa kuwa wengi wenu mnayo dukani, sitawachosha: ni beseni lililokalia springi, na chini yake mota yenye uzito uliotiwa upande mmoja, ambayo ikizunguka hulitetemesha beseni zima, vyombo vikasuguana na chenga za kauri, za magunzi ya mahindi au za vifuu vilivyopondwa, hata uchafu ukatoka na ncha kali zikalainika. Chenga ziwe kadiri ya mara tatu ya vyombo, visije vikagongana vyenyewe kwa vyenyewe. Na mnaoletewa mashine na jamaa zenu walioko Marekani fahamuni kuwa zimeundwa kwa volti 120 na hezi 60, nasi tuna volti 240 na hezi 50. Hata ukitia transfoma, mota nyingi za namna hii zitapunguza mwendo kwa sudusi, na mtikiso utapungua nguvu kwa karibu thuluthi. Basi msiitukane mashine.

Hayo yatosha. Jambo lililoninyima usingizi miaka mingi ni maji.

Zamani kidogo niliaminiwa na ofisi moja, ambayo adabu ya kazi hainiruhusu kuitaja, njumu za shaba ya manjano zilizobanduliwa katika mlango wa nyumba moja ya Ndia Kuu, ambazo kwa kauli ya wenyewe hazikuwa za kale bali za kutengenezwa upya, nami nikazitia mashineni pamoja na kauri na maji ya sabuni, zikatoka zinameta kana kwamba ndiyo kwanza zimesubiwa. Nilizisuza kwa maji ya kisima kilichomo uani, nikazipangusa kwa kitambaa, zikagongomewa mahali pake, na watu wakapita wakizisifu. Mwezi wa pili haujaandama, kila njumu ilikuwa na pete ya kijani ukingoni. Nikashutumiwa kuwa nimetumia dawa mbovu, nami, Mungu anisamehe, nikaamini. Nikabadilisha sabuni, nikabadilisha chenga, nikaandika barua za kuomba tangi la maji ya mvua, nikajibiwa kwamba shauri langu linafikiriwa. Na nadhani lingali likifikiriwa.

Aliyenifumbua macho ni sonara mmoja mzee, aliyeyeyusha chembe ya fedha katika asidi ya naitriki, akaizimua, kisha akadondosha tone moja ndani ya gilasi ya maji yangu ya kisima. Maji yaliyokuwa safi kama kioo yakageuka papo hapo yakawa kama tui jepesi. Akatia tone lingine katika maji ya mvua, yakakaa kimya. Ule weupe ni chumvi iliyoshikana na fedha, na chumvi hiyohiyo ndiyo niliyokuwa nikiwapaka watu milangoni mwao kwa malipo.

Sababu si ya kustaajabisha. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, na maji matamu yaliyomo chini yake yanaelea juu ya maji ya bahari, hivyo visima vingi vina uchumvichumvi; na bomba la maji ya chemchemi za Mzima, lililotufikia mwaka 1957, haliji kila nyumba kila siku, kwa hiyo fundi huchota kilicho karibu. Shaba iliyotoka mashineni ni kama ngozi iliyochunwa, haina utando wa kuikinga. Chumvi ikibaki mgongoni mwa njumu, ambako kitambaa hakifiki, huvuta unyevu wa hewa ya Mombasa usiokwisha, ikaila zinki kwanza na kuiacha shaba imekuwa nyekundu na yenye vitundu. Wahifadhi wanalijua hilo: vyombo vya merikebu ya Kireno *Santo António de Tanna*, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 na kuchimbuliwa baina ya 1977 na 1980, vilipelekwa katika maabara ya ngome hiyo, na chombo cha madini kilichotoka baharini hutolewa chumvi kabla ya mtu kufikiri habari ya kuking'arisha.

Kwa hivyo napendekeza, bila ya kuingilia mamlaka ya idara yoyote, kwamba suzo la mwisho lisiwe la kisima hata kidogo. Kwamba maji ya paa yakingwe masika na vuli, na mvua ya kwanza imwagwe kwa kuwa inaosha chumvi ya upepo wa bahari. Kwamba asiye na paa akinge maji yanayodondoka kwenye mashine za kupozea hewa, ambayo leo yanatulowesha vichwa bure vichochoroni. Kwamba vyombo vikaushwe kwa joto, si kwa kitambaa peke yake, kisha vipakwe nta. Kwamba dawa zenye amonia zisitiwe mashineni, kwani huipasua shaba ya manjano iliyofuliwa. Kwamba kitu cha kale, au chenye nakshi nyembamba ya sonara, kisitiwe beseni hata mwenyewe akilia, maana nakshi iliyolikwa hairudi. Kwamba maji yapimwe kwa tone la fedha kila wiki. Na kwamba, narudia, suzo la mwisho lisiwe la kisima. Ombi la tangi pia nalirudia, kwa unyenyekevu, na safari hii mbele ya mashahidi.

Kwa idhini ya Mwenyekiti, kichupa changu cha maji ya fedha ninacho hapa, na weusi mnaouona vidoleni mwangu ndiyo alama yake. Naomba niletewe gilasi moja ya maji ya jikoni mwa ukumbi huu.